Nimeandika Uongo Kwenye Blokcheni, na Haufutiki

Shangazi mpendwa,

Naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama utanichukia ukifika katikati, na kama kuna mahali nimejichanganya unisamehe, kwa sababu ninaandika kwenye simu nikiwa nimekalia katoni tupu ndani ya stoo, mlango nimeufunga kwa ndani, na kila gari linalosimama nje moyo unaniambia ndio hao wakaguzi wamefika.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mtunza stoo ya chanjo, mwaka wa kumi na tatu sasa. Kazi yangu ni majokofu. Chanjo zinaletwa kwangu, nazitunza kwenye ubaridi unaotakiwa, si chini ya nyuzi mbili na si zaidi ya nane, halafu zinakwenda kwenye kliniki nne ambako watoto wachanga wanachomwa. Zamani tulikuwa na daftari la jalada gumu, ukikosea unapiga mstari, unasaini pembeni, maisha yanaendelea. Mwaka jana wakatuletea mfumo mpya wanauita blokcheni, na akaja mkufunzi, mama mmoja wa rika langu, mcheshi, anaongea mpaka unasahau kwamba uko darasani.

Alituambia hivi: "Msiogope jina. Blokcheni ni daftari tu, ila badala ya kukaa kwenye droo ya mtu mmoja, nakala yake ipo kwenye kompyuta nyingi. Hapa ipo, makao makuu ipo, kwa wakaguzi ipo, kila kliniki ipo. Ukiandika hapa, linaandikika kwa wote. Na kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, ndiyo maana tunauita mnyororo. Ukiubadilisha ukurasa wa nyuma, alama hazioani tena, na nakala nyingine zote zinakukataa."

Bosi wangu, ambaye ni mfamasia, mzee mpole aliyebakiza miezi saba astaafu, akanyoosha mkono akauliza: "Na huo mkataba mahiri uliotutajia asubuhi, unausaini kwa mwanasheria gani?"

Tulicheka wote. Mkufunzi akasema, "Mzee wangu, huu hauna mwanasheria. Ni maagizo tuliyoyaandika mapema tukayaacha humo humo kwenye daftari. Kama hiki na hiki vimetimia, fanya hiki. Basi. Hausahau, hauendi likizo, haumsubiri bosi arudi kutoka kunywa chai."

Mkataba wetu ukawekewa masharti mawili. Joto la siku tatu mfululizo liwe sawa, na funguo mbili za siri zithibitishe, wangu na wa mfamasia, kila mmoja ni maneno kumi na mawili. Yakitimia, mkataba wenyewe unatoa kibali, unamwita dereva kwenye simu yake, unazijulisha kliniki. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengine, Shangazi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukimbizana na madereva.

Sasa sikia yaliyonikuta. Ule mtambo mdogo unaosoma joto na kulituma wenyewe kwenye mfumo uliishiwa betri wiki mbili zilizopita, betri nyingine haijaletwa, kwa hiyo nikaruhusiwa kusoma kipimajoto cha kawaida kwa macho na kuandika namba kwa mkono. Ijumaa joto lilikuwa kali, jokofu kubwa likawa linanguruma na joto la ndani halishuki, nikazungusha kitufe cha ubaridi mpaka mwisho ili lipoe haraka, nikajisemea nitakirudisha kabla ya kuondoka. Saa kumi kasoro napigiwa simu na jirani kwamba bomba la nyumbani limepasuka, maji yako sebuleni, magodoro yanaelea, nikanyakua mkoba nikatoka mbio na kitufe sikukikumbuka mpaka Jumatatu saa moja asubuhi nilipofungua jokofu nikaona kipimajoto kinasoma nne chini ya sifuri na pembe za katoni zimeshika barafu.

Wewe si mtu wa dawa, kwa hiyo nikueleze kinachonitisha. Chanjo hii ni ya watoto wa wiki sita, inawakinga na dondakoo, kifaduro na pepopunda, na ikiganda mara moja tu imekwisha. Haigeuki sumu, mtoto hatadhurika kwa kuchomwa, ila ni kama hakuchomwa. Na huwezi kuitambua kirahisi, kwa sababu ikiyeyuka inaonekana vile vile, na ile alama iliyobandikwa kwenye kichupa inaonyesha kama imepata joto, barafu haiionyeshi. Mama anakwenda nyumbani na kadi imegongwa muhuri, amefurahi, na mtoto hana kinga yoyote.

Nilirudisha kitufe. Nikapangusa katoni kwa kanga yangu. Saa nane mchana kipimajoto kikasoma tatu, nikajidanganya kwamba pengine kilikuwa kimeharibika, pengine barafu ilikuwa ya nje tu, pengine katikati ya katoni hazikufikiwa, nikakaa mbele ya kompyuta nikaandika Jumamosi nyuzi nne, Jumapili nyuzi nne, Jumatatu nyuzi tatu. Ukabaki ufunguo wa mfamasia. Yeye alikuwa amelazwa, ametolewa mtoto wa jicho, na kabla hajaenda alinipa maneno yake kumi na mawili ya siri yaliyoandikwa nyuma ya karatasi ya dawa akaniambia, "Mwanangu, weka hii, lolote likitokea kazi isisimame." Nikayaandika moja moja. Nikabonyeza.

Nilidhani nitapata muda wa kufikiri. Shangazi, sikumpigia dereva, wala hakuna binadamu aliyempigia, mkataba ulimwita wenyewe, na kabla sijamaliza kunawa mikono gari lilikuwa limerudi kinyumenyume mlangoni, dereva anapiga honi, ananionyesha kibali kwenye simu na jina langu na la mfamasia yako chini. Katoni kumi na moja. Nikasimama pale nikamsaidia kupakia.

Alipoondoka nikachukua kichupa kimoja kilichobaki, nikafanya kipimo tunachofundishwa sote, unakitikisa sana halafu unakiweka mezani pamoja na kingine ambacho hakijawahi kuganda. Kile kizima kilibaki na ukungu wake sawasawa. Kile changu kilianza kutuama nikikitazama, unga mweupe unashuka chini, juu panabaki maji. Nilikaa chini sakafuni.

Jana, Jumanne, kliniki ya kwanza ilikuwa na siku ya chanjo. Sikuwapigia. Niliishika simu toka saa mbili mpaka saa saba. Nilichofanya ni kumpigia mkufunzi, nikajifanya nauliza tu kwa kujifunza, nikamwambia, "Hivi mtu akikosea kuandika, anafutaje?"

Akacheka. "Halifutiki, mama! Hata mimi siwezi, hata mkurugenzi hawezi. Ndiyo raha yake!"

Nikatafuta mtu mwingine, fundi simu wa mtaani kwetu, akaniambia ana jamaa yake anayeingia kwenye blokcheni zote na kusafisha, ila lazima nimpe maneno yangu ya siri na ya bosi, yote ishirini na manne, na ananisubiri leo jioni.

Na kuna jambo moja bado sijakwambia. Mdogo wangu wa mwisho kabisa, aliyezaliwa mama akiwa ameshakata tamaa, ana mtoto wa wiki sita. Kliniki yake ni mojawapo ya zile nne, na siku yao ya chanjo ni kesho Alhamisi. Jana jioni nilimpitia nikamshika mtoto shingoni nikasema, "Mbona ana homa huyu? Usimpeleke Alhamisi, subiri wiki ijayo."

Akamgusa. "Homa gani, dada? Mbona wa baridi tu?"

"Mimi nafanya kazi na chanjo au wewe? Nimesema subiri!"

Akakubali, kwa sababu ananiamini. Mimi ndiye niliyemlea.

Shangazi, nifanye nini? Nikisema, nafukuzwa na pengine nafungwa, na mfamasia wa watu ambaye hajui chochote jina lake limo mle milele. Nikinyamaza, labda hakuna mtoto atakayeugua, si kila mtoto hukutana na kifaduro. Nikimpa yule fundi maneno, labda linafutika. Naogopa hata kufungua jokofu. Nisaidie.

Mimi, Mama wa Stoo

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Stoo,

Barua yako iliingia Jumatano saa nne asubuhi na namba ya simu uliiacha chini. Wasomaji wanaosoma majibu haya Jumapili wajue kwamba sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia saa nne na dakika tano, nikakukuta umo humo humo stoo, na ninachoandika hapa ni yale niliyokwambia siku ile pamoja na yaliyofuata, kwa ruhusa yako.

Nakuonea huruma, na ninasema kwa dhati. Kusahau kitufe kwa sababu nyumba imefurika si dhambi, ingemkuta yeyote kati yetu. Kama Jumatatu asubuhi ungesema, "Jamani, chanjo zimeganda," zingetupwa, ungekaripiwa, ungerudi nyumbani kukausha magodoro.

Lakini usinililie kuhusu daftari lisilofutika! Umenieleza mwenyewe, vizuri kuliko mkufunzi, jinsi linavyofanya kazi, kisha ukaenda kutafuta mtu wa kulifuta. Huyo jamaa wa fundi simu hawezi kusafisha chochote. Angetaka kubadilisha ukurasa wako wa Jumatatu ingebidi azishinde kompyuta za makao makuu, za wakaguzi na za kliniki zote kwa pamoja. Anachotaka ni yale maneno. Akishayapata yeye ndiye wewe, yeye ndiye mfamasia, na kesho anaweza kutoa kibali cha dawa yoyote ile majina yenu yakiwa chini. Nilikwambia uifute namba yake nikiwa bado kwenye laini, na nikasubiri mpaka ukaniambia imefutika.

Na mnyororo huo usiusingizie. Haukuja stoo kuiona barafu. Uliambiwa nyuzi nne, ukaamini nyuzi nne, ukahakikisha tu kwamba hakuna atakayezigeuza. Mkataba nao ulifanya ulichoagizwa. Uliambiwa ukiona namba sawa na funguo mbili, umwite dereva, na wewe ukaupa namba na funguo. Mashine haikuwa na namna ya kujua kwamba kidole kilichobonyeza mara mbili ni kimoja. Ninyi wengine mnaoletewa mifumo kama hii kazini mlishike hilo. Daftari hilo linatunza mlichoandika, hata kama mlichoandika si kweli.

Kilichonifanya niinuke kitini ni mdogo wako. Ulikuwa na woga wa kutosha kumzuia mtoto wenu asichomwe, halafu ukawaacha wa wenzako wapange foleni. Akina mama waliokaa kwenye benchi Jumanne hawakuwa na dada stoo wa kuwashika watoto shingo na kuwadanganya kuhusu homa. Nilikwambia hivyo kwenye simu na ukalia, na sikukubembeleza, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda.

Nilikuuliza, "Unaweza kupiga simu kliniki ngapi sasa hivi?"

Ukasema, "Zote nne. Lakini mkataba..."

"Achana na mkataba. Simu ya kawaida. Sema: katoni nilizotuma Jumatatu ziliganda, msichome, mimi ndiye niliyedanganya. Anza na ile ya jana."

Ulipiga. Ulinisimulia baadaye kwamba muuguzi wa kliniki ile ya kwanza alisema, "Kumi na saba. Majina yao ninayo hapa mbele yangu." Kliniki mbili hazikuwa zimefungua katoni. Ya mdogo wako walikuwa wameshazipanga kwenye jokofu tayari kwa kesho yake.

Kisha ukaniuliza jambo la maana. Ulisema mkufunzi aliwaonyesha kwamba uko ukurasa wa pili mnaoweza kuuandika, taarifa ya kasoro. Haufuti ule wa kwanza. Unakaa mbele yake na kusema ule ni wa uongo, na mkataba ukiuona unazifunga stika za kusomwa kwa simu zilizobandikwa kwenye katoni zile, kila anayezielekezea simu anaona nyekundu. Ila nao unataka funguo mbili. Ukasema, "Maneno ya mzee ninayo hapa mfukoni, Shangazi. Niyatumie? Safari hii ni kwa wema."

Nilikukatalia na ningekukatalia tena. Ndivyo ulivyoanza Jumatatu. Nilikwambia funga stoo, nenda hospitali, umwambie uso kwa uso.

Ulimkuta kitandani, jicho moja limefungwa bandeji. Ulimweleza yote umesimama. Akauliza, "Ulitumia ufunguo wangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Halafu akaomba simu, akasema, "Nisomee hiyo taarifa. Polepole. Safari hii nataka kujua ninasaini nini." Ukamsomea neno kwa neno, akakurekebisha mahali pawili, akaandika maneno yake mwenyewe kwa jicho moja, na wewe ukaandika yako. Akakupokonya kile kikaratasi akakichana.

Mzee mfamasia, kama unasomewa gazeti hili, na wewe nina neno lako. Ufunguo wa siri hapewi mtu, hata awe binti yako wa kumzaa. Masharti yaliwataka watu wawili ili mmoja akiteleza mwingine aone. Wewe ulimwachia akae peke yake. Ukitoka hospitali, kabla ya kitu chochote, omba ufunguo mpya.

Haya, Mama wa Stoo, sasa ni yaliyobaki. Umesimamishwa kazi tangu Alhamisi. Kikao cha uchunguzi ni kesho Jumatatu saa tatu. Unaniuliza kama utafungwa. Sijui, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Yawezekana kazi imekwisha. Nenda na mtu wa chama cha wafanyakazi, usiende peke yako. Wakikuuliza, anza na Ijumaa na kitufe, maliza na mdogo wako, usiruke kitu, maana saa na dakika za ulichobonyeza wanazo mbele yao. Waambie pia kuhusu betri ambayo haikuletwa wiki mbili. Hiyo si kujitetea, ni kweli nayo, na iandikwe kwa sababu mwenzako wa stoo nyingine yupo mahali fulani leo anaandika namba kwa mkono.

Kwa mdogo wako nenda leo, usingoje kikao. Mwambie kwa nini ulisema mtoto ana homa. Ataudhika. Mwache audhike, halafu mkampeleke mtoto pamoja, chanjo nzima zimeshafika kutoka stoo ya jirani.

Na wale kumi na saba. Muuguzi ameniambia mpaka jana Jumamosi mama kumi na wanne wamerudi na watoto wamechomwa upya, hakuna aliyedhurika. Watatu hawajapatikana. Mmoja alihama nyumba, wawili hawapokei simu. Tangu Ijumaa wewe unatembea mitaani na yule muuguzi mnagonga milango, na hiyo ni kazi ambayo hakuna aliyekusimamisha. Endelea nayo mpaka watatu watimie.

Wewe mama unayesoma hapa, kama mtoto wako wa wiki sita alichomwa Jumanne iliyopita, na tangu siku hiyo kuna namba ngeni inakupigia na umeipuuza ukidhani ni matapeli, ni kliniki hiyo. Ikikupigia tena, ipokee.